Dairekta anataka niwe mwalimu mkuu, na mimi sina namba ya TSC

BintiKisauni
Salamu alaikum wapendwa. Uzi huu ni mrefu, mwenye chai akae nayo karibu.

Nafundisha shule ya binafsi upande huu wa Kisauni, mwaka wa saba sasa. Kiswahili ndilo somo langu, na Historia wakinibandika. KCSE, mtihani wa kidato cha nne, nilipata B, Kiswahili A-, Historia B+. Chuoni nilisoma digrii ya sanaa, Kiswahili na Historia hizo hizo, ila si ya ualimu. Wakati ule akili yangu yote ilikuwa redioni, nikijiona mtangazaji. Redio haikuniona. Nikaingia darasani kwa muhula mmoja tu, kushika nafasi ya mtu aliyejifungua, na huo muhula mmoja ndio huu haujesha.

Siku ile naajiriwa, dairekta aliniuliza maswali mawili: nakaa wapi, na kama naweza kuanza kesho. TSC, tume ya serikali inayosajili na kuajiri walimu, haikutajwa.

Sasa mwalimu mkuu wetu ameajiriwa na serikali, kapelekwa Tana River, kaondoka katikati ya muhula. Dairekta kaniita ofisini, kanifungia mlango, kaniambia kuanzia Jumatatu mimi ndiye mwalimu mkuu na nitaongezwa elfu nane. Nikasema alhamdulillahi. Kisha akanisukumia fomu mezani. Maafisa wa kudhibiti ubora wanakuja, wanataka orodha ya walimu: jina, kitambulisho, masomo, namba ya TSC. Safu yangu ilikuwa tayari imejazwa. Jina langu kwa kalamu ya buluu, namba ya kitambulisho kwa buluu, na hapo pa TSC pana namba kwa penseli. Nikamuuliza, hii ya nani? Kasema, "Ya mtu tu, yuko nyumbani haitumii. Wewe ipitishe juu kwa kalamu."

Sijaipitisha. Fomu iko kwenye mkoba wangu hapa naandika.

Nauliza matatu. Nikiiandika nimefanya kosa gani hasa? Kwa digrii yangu hii naweza kupata namba ya kwangu? Na mwalimu mkuu anahitaji leseni nyingine mbali na ya ualimu?

MwalimuWaFeri
Dadangu, usipitishe kalamu hapo. Irudishe hiyo fomu ilivyo, au ifute penseli mbele yake.

Sheria ya TSC ya 2012, kifungu cha 23, haina mafumbo: mtu asifanye kazi ya ualimu kama hajasajiliwa. Haikusema "shule ya serikali". Imesema ualimu. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo yazitaka shule za binafsi ziajiri walimu waliosajiliwa. Kwa hiyo hapo ulipo tayari uko upande mbaya wa sheria, lakini hilo ni kosa mnaloshirikiana wewe na tajiri wako. Ukiandika namba ya mtu, umegushi. Hilo ni lako peke yako, na dairekta atasema hajui lolote.

Halafu hiyo namba imefungwa na kitambulisho cha mwenyewe. Afisa akitaka, anaangalia kwenye mtandao wa tume jina linalotoka. Litatoka la bwana mmoja wa Kilifi, na mbele yake umeketi wewe na buibui lako.

Na huyo aliyekopesha namba, kama anajua, amejiweka pabaya zaidi yako. Wewe huna cha kufutiwa. Yeye ana jina kwenye rejista, na tume ina uwezo wa kuliondoa.

KijanaMtongwe
Namba ya nini? Mimi ninayo tangu 2016. Nimeikodolea macho miaka yote hii haijanilipa kodi hata mwezi mmoja. Niko mwalimu wa BOM, yaani nalipwa na bodi ya shule, elfu kumi na mbili, na hizo zikija kwa wakati ni Idi.

Watu wanachanganya kusajiliwa na kuajiriwa. TSC inakupa namba kisha inakuambia subiri. Walipoita walimu wa sekondari msingi 2023 wakatuita intani. Elfu ishirini kabla ya makato, mwaka mzima, na kazi ni ileile ya aliye meza ya pili anayekula mshahara kamili. Mtu ana leseni ya nchi anaitwa mwanafunzi wa kazi.

MwalimuWaFeri
@KijanaMtongwe hapo kwa intani uko sawa, na hata mahakama ya kazi Aprili 2024 ilisema tume haina mamlaka ya kuajiri mwalimu kama intani. Mwalimu aliyesajiliwa ni mwalimu. Lakini ona, hoja yenyewe iliyowapa nguvu wale vijana kortini ilikuwa nini? Kwamba wamesajiliwa. Wangekuwa hawana namba wangesimama na nini?

KijanaMtongwe
Haya mwalimu, umenipata. Ila elfu kumi na mbili bado ni elfu kumi na mbili.

BabuChaki
Vijana hamjambo. Mimi mstaafu, nimeweka chaki chini nikiwa na 60 kamili.

MnaniCHEKESHA na hii herufi kubwa imejibonyeza yenyewe, simu ya mjukuu. Mnanichekesha mnavyodhani mtu asiye na namba ni jambo geni. Mimi nilianza 1984 huko Kwale nikiwa yutii. Mwalimu asiyesomea ualimu, ndivyo tulivyoitwa na hata mishahara yetu iliandikwa hivyo. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na shati moja jeupe. Mwalimu mkuu alinipa kisanduku cha chaki, kitabu cha mahudhurio na darasa la tatu lenye watoto sitini na kitu, akaniambia usiwapige kichwani. Hayo ndiyo mafunzo yangu ya ualimu.

Mwaka ule uliofuata ukaingia mfumo wa 8-4-4, darasa la nane likaongezwa, walimu wakahitajika kama maji. Yutii tulikuwa wengi. Wengine tulipelekwa chuoni baadaye tukatoka na cheti cha ualimu wa msingi cha P1, wengine P2, na wako waliobaki na P3 hadi nywele zikawa nyeupe. Tume yenyewe ni ya 1967. Kabla ya hapo mwalimu alikuwa wa misheni, au wa halmashauri, kila mtu na tajiri wake, na mshahara ukitegemea ulivyosalimiana naye.

Nasema haya ili binti asijione mwizi. Kutosajiliwa si aibu ya moyo. Nilifundisha bila cheti na wako madaktari pale Makadara walionisomea. Ila sikuwahi kuandika namba ya mtu, kwa sababu hakuna aliyeniomba. Wewe umeombwa. Hapo ndipo safari zetu zinapoachana.

BintiKisauni
Babu, umenitoa machozi na kicheko pamoja. Ahsante.

Haya, nimesikia kwa penseli. Sasa njia ya halali iko wapi? Nirudi chuoni miaka minne tena? Nina watoto wawili na mama.

TichaShanzu
Miaka minne ya nini? Mwanangu wewe una bahati na hujui.

Tume haimtaki mtu wa sekondari awe na digrii ya ualimu tu. Mwenye digrii ya sanaa au ya sayansi anakubalika akiongeza PGDE, yaani diploma ya uzamili ya ualimu. Ni kama mwaka mmoja, na ndani yake mna mazoezi ya kufundisha. Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi ni karibu, na viko vyuo vingine vinavyofundisha wikendi na likizo za shule kwa ajili ya watu kama wewe. Uliza kabla ya kulipa kama kozi yenyewe inatambuliwa na tume, usisikize karani wa udahili, yeye anatafuta wanafunzi.

Linalowaangusha wengi si PGDE, ni KCSE. Wanataka wastani wa C+ na hapohapo C+ katika masomo mawili utakayofundisha, na masomo hayo uwe umeyasoma hadi chuoni. Wako watu wana digrii nzuri kabisa, lakini somo la pili walipata C kule sekondari, wakarudishwa. Wewe una A- na B+. Umekaa kwenye hazina ukiomba senti.

Ukimaliza: matokeo yako yote na vyeti, picha, kitambulisho, PIN ya kodi ya KRA, cheti cha tabia njema kutoka kwa wapelelezi, na fomu ya afya GP69 ijazwe na daktari. Yote yanapigwa skani yanatumwa mtandaoni. Mambo ya kupanga foleni Upper Hill, Nairobi, na bahasha ya kaki yalikwisha.

ChumviMkupuo
Samahani kuingilia. Mimi nina C ya kawaida, ile isiyo na jumla wala toa. Nilisoma diploma ya ualimu wa msingi. Nifanyeje?

TichaShanzu
@ChumviMkupuo basi wewe ni wa msingi na C inakutosha. Tangu 2021 vyuo kama Shanzu vinafundisha diploma badala ya P1 ya zamani. Sajiliwa kwa hiyo. Usiumie kutaka sekondari kwanza. Na mwenye P1 anayesoma hapa akitaka kujua: cheti chako hakijafa, ila utaambiwa ujiongeze ufikie diploma.

Bi_Mwembe
Na sisi wa chekechea? Kaunti ndiyo inatulipa, TSC ya nini?

TichaShanzu
Kaunti inaajiri, tume inasajili. Ni milango miwili. Mnasajiliwa kama wengine.

DairektaMmoja
Naona madairekta tunapigwa hapa bila wakili. Nami nina shule, si ya Kisauni, na si mimi niliyeandika kwa penseli, msianze.

Nitawaambia upande wangu. Karo yangu kwa muhula ni pesa ambayo nyinyi mnalipia simu. Wazazi wangu ni watu wa juakali, wa boti, wauza mahamri. Nikitangaza nafasi, anakuja mwalimu mwenye namba, namfundisha mtaala mpya, namlipia semina, anazoea watoto. Siku tume inatangaza nafasi, anaondoka Jumatano bila kuaga. Ndivyo alivyofanya mwalimu mkuu wa huyu binti, Tana River huyoo. Asiye na namba anabaki. Nani kama mimi atakataa anayebaki?

Najua sheria. Lakini sheria haikuniletea mwalimu.

MwalimuWaFeri
Mzee, heshima yako. Lakini hebu tuseme kweli. Asiye na namba habaki kwa mapenzi. Anabaki kwa kuwa hana pa kwenda, na wewe unajua, na mshahara wake unaonyesha kwamba unajua.

DairektaMmoja
Limeingia hilo. Nitalala nalo.

BintiKisauni
Ndugu yangu wa feri, hilo limeingia kwangu kuliko kwake. Miaka saba sijaomba nyongeza hata mara moja. Kila nikitaka kufungua mdomo nasikia ile sauti: "lakini wewe huna hata namba." Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nilikuwa najiambia mwenyewe, bure.

MajengoMpakaDallas
Wenyeji wa Mombasa salamu kutoka mbali, mimi mtoto wa Majengo nafundisha hisabati huku Texas. Nimesoma uzi wote nimekosa hata usingizi.

Huku hakuna TSC ya nchi nzima. Washington haimpi mtu leseni ya ualimu. Kila jimbo lina sheria yake, mitihani yake, bodi yake, na leseni ya jimbo moja haivuki mpaka kama kitambulisho chetu kinavyovuka Mariakani. Yako makubaliano ya majimbo kutazamana kwa jicho jema, ila ukihama unaomba upya, na mara nyingi watakuongezea mtihani wa kwao au kozi. Dada yangu yuko Minnesota. Kule tangu 2018 wana ngazi nne za leseni, na ngazi ya kwanza unaweza kuipata kwa digrii na shule iliyokubali kukuajiri, kisha unapanda. Texas haina ngazi hizo.

Mimi nilipokuja, digrii yangu ya Kenya ilipelekwa kwanza kwa kampuni ya kulinganisha vyeti, kozi kwa kozi. Kisha programu ya maandalizi ya ualimu, kisha mitihani ya jimbo, somo lako na ule wa namna ya kufundisha. Kisha alama za vidole. Cheti ni cha miaka mitano, na kukihuisha unaonyesha saa 150 za mafunzo.

Sasa lile swali la tatu la BintiKisauni ndilo lililonifanya niandike, naona hamjalijibu. Huku mwalimu mkuu ana cheti CHAKE. Texas inataka shahada ya uzamili, cheti halali cha ualimu, miaka miwili darasani, programu ya uongozi wa shule, na mitihani miwili: mmoja wa kukaa kwenye kompyuta, mwingine wa kuandika kazi uliyoifanya kweli shuleni na ushahidi wake. Na kuhuisha si saa 150 tena, ni 200. Unaweza kuwa mwalimu bora wa kaunti nzima na usiruhusiwe kukalia kile kiti.

MwalimuWaFeri
Kweli tulilipita. Kwetu mwalimu mkuu hana leseni ya pili. Usajili ni ule ule mmoja. Kinachobadilika ni cheo, na cheo anakipanga mwajiri. Kwa shule za serikali, tume ina mwongozo wa kupanda vyeo wa 2018: mwalimu wa digrii anaingia sekondari kwa daraja la C2, anapanda, naibu anaanzia D1, mwalimu mkuu D3, hadi yule mkubwa kabisa wa D5. Unafanya usaili, unaangaliwa miaka, unaangaliwa ulichosoma. Ile diploma ya uongozi wa elimu ya KEMI, chuo cha serikali cha usimamizi wa elimu, imewasaidia wengi kwenye usaili.

Shule ya binafsi nani anapanga? Mwenye shule. Anakufungia mlango anakuambia Jumatatu. Binti, hukukosea kuuliza. Wewe ulikuwa unaruka ngazi mbili kwa siku moja, kutoka kutokuwa mwalimu kisheria hadi kuwa mkuu wa walimu.

KijanaMtongwe
Na wale wa serikali nao tusiwapake mafuta. Mfadhili wa shule anataka wa dini yake, mheshimiwa anataka wa kabila lake, bodi inataka asiyeuliza risiti. D3 ikishuka kwenye hiyo chungu inatoka imepikwa.

BabuChaki
Nimekuwa mwalimu mkuu miaka kumi na moja, kijana. Risiti niliuliza. Ndiyo maana nilihamishwa mara nne.

Bi_Mwembe
@MajengoMpakaDallas nina mpwa wangu anataka kuja kufundisha huko kwa ile viza ya kubadilishana walimu. Anafundisha shule ya binafsi hapa Bamburi. Itawezekana?

MajengoMpakaDallas
Mama, viza hiyo ni J-1. Wanataka digrii, uzoefu wa miaka miwili kamili ya kufundisha, na awe ametimiza masharti ya kuwa mwalimu NCHINI KWAKE. Hayo ya mwisho watu huyasoma haraka. Kisha atimize pia masharti ya jimbo anakokwenda. Muda ni hadi miaka mitatu, na inaweza kuongezwa kidogo. Sasa mpwa wako akiulizwa "nchini kwako nani anatambua kwamba wewe ni mwalimu?" atatoa nini? Barua ya dairekta? Mwambie asajiliwe TSC kwanza, hata kama haitaki kazi ya TSC kabisa.

Na ajihadhari na mawakala wanaoomba laki kadhaa kwa "kufungua faili". Faili gani.

ChumviMkupuo
Ati tukisajiliwa kuna kulipa tena elfu sita kila mwaka kuweka leseni hai? Nimesikia.

KijanaMtongwe
Hapo sasa umewasha jiko.

MwalimuWaFeri
Ni mafunzo yanayoitwa TPD. Msingi wake uko kwenye sheria ileile ya 2012, kifungu cha 35: mwalimu ajiendeleze na cheti chake cha kufundishia kihuishwe. Mwaka 2021 tume ikatangaza vyuo vya kuyatoa, na bei ikawa elfu sita kwa mwaka, mwalimu ajilipie. Chama cha walimu cha KNUT kikapinga waziwazi. Ugomvi haukuwa kusoma. Nani hataki kusoma? Ugomvi ulikuwa bili. Askari akipelekwa mafunzoni hajilipii risasi.

TichaShanzu
Nami nilipinga, na bado napinga bei. Lakini wazo la kuhuisha nalikubali, hapa mtanipiga mawe. Nilikutana na mwalimu mwenzangu amesajiliwa tangu enzi za kasuku, bado anawafundisha watoto wa gredi ya nne kwa maandalio ya somo yaliyogeuka rangi ya chai. Usajili wake uko hai. Yeye je?

KijanaMtongwe
Mawe yako njiani 😂

BabuChaki
Mwanangu Ticha, maandalio ya rangi ya chai yalikuwa yangu, na watoto walifaulu.

Bi_Mwembe
Nami niseme la mzazi, maana mimi ni mzazi kabla ya mwalimu. Nyote mnazungumza mishahara na vyeo. Mimi kwangu rejista ni moja: nani yuko darasani na mwanangu saa tisa mchana wenzake wakishaondoka. Mtu akipatikana na hatia ya kumdhulumu mtoto kimwili, sheria hiyo hiyo yasema hastahili kusajiliwa. Aliyesajiliwa akifanya, anafutwa. Asiye na namba akifanya kule Likoni, anavuka feri, anaanza upya Changamwe kwa jina lilelile. Hana pa kufutwa. Dairekta atamuuliza anakaa wapi na kama anaweza kuanza kesho.

BintiKisauni
Bi Mwembe... hayo maswali mawili ni yale niliyoulizwa mimi.

Nimenyamaza kwa dakika hapa.

DairektaMmoja
Hata mimi huuliza hayo hayo. Nimeamka asubuhi nimefungua faili za walimu wangu. Kumi na wanne. Tisa wana namba, nimeziangalia moja moja. Mmoja namba yake hailingani na jina. Nitamwita Jumatatu, kwa upole.

BintiKisauni
(Wiki tano baadaye. Samahani wote mlioniandikia faraghani sikujibu.)

Niliirudisha fomu. Nilifuta ile namba mbele yake kwa kifutio cha mtoto, kile cha waridi, na karatasi ikatoboka kidogo pale. Nikamwambia safu yangu ataandika "hajasajiliwa, anaendelea na masomo". Akaniuliza masomo gani. Nikasema sijayaanza. Akacheka, mimi nikacheka, kisha akakasirika. Siku tatu hakunisalimia. Elfu nane ikaruka na kiti kikaruka.

Maafisa walikuja. Hawakufunga shule. Waliandika, wakatoa muda, wakaondoka na chupa ya maji. Dairekta kamchukua mwalimu mkuu mstaafu wa serikali, mzee wa Mikindani, namba yake ni fupi kuliko zote nilizowahi kuona. Siku ya kwanza hakukagua darasa. Alitaka cheti cha tabia njema cha kila mtu aliye ndani ya geti, mpishi na dereva pamoja. Mpishi alimwuliza kama ugali nao una rekodi ya jinai.

Basi nikajaza kwenye eCitizen, elfu moja na hamsini, nikachapisha fomu ile ya alama za vidole, C24, nikaenda Huduma Senta pale Posta. Sasa wiki ile nilikuwa nimetoka harusini Kibokoni. Mikono yote hina na piko, hadi ncha za vidole nyeusi tii. Afisa wa alama za vidole akanishika mkono, akautazama, akauliza, "Harusi ya nani hii hamkunialika?" Akanituma kunawa. Nikanawa, nikasugua. Piko ni piko. Akavizungusha vidole kimoja kimoja kwenye wino, polepole, na kidole gumba cha kulia akarudia mara tatu. Vimetokea. Cheti kimetoka, safi.

Na chuo nimejiandikisha. PGDE, wa likizo. Nimelipa nusu, ile nusu nyingine kaka yangu kasema atanikopesha.

TichaShanzu
Mashaallah! Ila hicho cheti cha tabia njema kiwe cha kumpa mzee wa Mikindani tu. Mpaka umalize chuo kitakuwa kimezeeka, utatafuta kingine cha kusajilia. Na safari hiyo usipake piko.

KijanaMtongwe
Hongera dadangu. Ukipata namba njoo tukae wote kibarazani tusubiri.

BintiKisauni
Nitakuja na kahawa. Swali moja dogo kabla sijalala: kwenye cheti cha KCSE jina langu la kwanza lina "sh", kwenye kitambulisho lina "s" tupu. Karani wa chuo kapita bila kusema. Tume watasema?

TichaShanzu
Watasema. Majina ya pwani yametutesa sote. Nenda kwa wakili akuandikie hati ya kiapo kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, au ubadilishe kitambulisho kabisa. Fanya sasa, usingoje mwisho.

BabuChaki
Mimi nina majina matatu kwa vyeti vitatu. Pensheni ilikaa mwaka. Fanya sasa.

BintiKisauni
Kesho saa mbili asubuhi niko mlangoni pa wakili.